Visiki vya Ntalikwa

Wadogo zangu, habari ya mvua nitaianzia mbali kidogo, kwa watu waliokuwa wakisafiri kwa miguu.

Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, njia kuu ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa kwetu Unyanyembe. Wapagazi wengi wa njia hiyo walikuwa Wanyamwezi. Walishuka pwani na pembe za ndovu, wakarudi bara na vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Mzigo wa mtu mmoja uliweza kufika frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu, begani, kwa miezi. Burton na Speke, wale Waingereza mnaowasoma kwenye historia, waliondoka pwani Juni 1857 wakaingia Kazeh, ndiyo Tabora hii, mwezi Novemba. Majina yao yako vitabuni. Ya waliowabebea mizigo mara nyingi hayamo, na hao ndio ninaotaka tuwaangalie.

Mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa mkulima kwanza. Misafara mingi ya Wanyamwezi iliondoka baada ya mavuno, njia zikiwa kavu na mito ikivukika, na watu walijitahidi wawe wamefika nyumbani kabla ya mvua za kwanza ili washike jembe. Tajiri angeweza kuwa na haraka zake Zanzibar, pembe ikasubiri. Ilisubiri mtama wa Unyanyembe uvunwe. Biashara iliyofika mpaka India na Ulaya ilifuata kalenda ya mvua za Tabora, na kalenda hiyo walikuwa nayo wakulima kichwani.

Kalenda hiyo ndiyo inayotuponyoka sasa.

Ntalikwa ni kata ya Manispaa ya Tabora, lakini maisha yetu ni ya mashamba, ng'ombe na miyombo. Tuko juu, mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari. Wenzetu wa pwani wana vuli na masika. Vuli ikiwapa kisogo, wanaingoja masika. Sisi tuna msimu mmoja tu. Unaanza Novemba, unakwisha Aprili au mwanzoni mwa Mei, basi. Ukikosea kupanda, hakuna nafasi ya pili mpaka mwaka mwingine.

Mvua yenyewe inatoka wapi? Jua linapoelekea kusini mwishoni mwa mwaka, ukanda wa mawingu hulifuata. Unyevu mwingine unakuja na pepo za Bahari ya Hindi, mwingine unatoka magharibi, kwenye misitu mikubwa ya Kongo. Kwa hiyo mti unaokatwa Kongo, na maji ya bahari yanayopata joto kuliko kawaida yake, vyote vina usemi katika shamba la mahindi la Ntalikwa.

Wazee walikuwa na ishara zao. Nzuri kuliko zote ni ya miyombo yenyewe. Septemba na Oktoba, ardhi ikiwa imekauka na vumbi limetanda, miyombo hutoa majani mapya mekundu, ya rangi ya shaba, kabla hata tone moja halijadondoka. Inayatoa wapi maji? Mizizi imezama chini sana, na shina limeweka akiba. Bibi akiona wekundu huo anajua ni wakati wa kusafisha shamba. Miyombo bado inatoa majani yake mekundu. Kinachosumbua ni mvua inayotakiwa kufuata. Inakuja, watu wanapanda, kisha inatoweka, mbegu zinaoza au zinachipua na kufa, na mama wa watu anarudi dukani kununua mbegu mara ya pili kwa fedha ambayo hakuipanga.

Kwa nini hali imekuwa hivi? Nitawaeleza kwa kitu mnachokijua. Usiku wa Juni au Julai, anga likiwa jeupe bila wingu, baridi ya Tabora inauma. Usiku wa Novemba wenye mawingu, shuka unaitupa pembeni. Sababu kubwa ni kwamba ardhi iliyopigwa jua mchana hurudisha joto lake juu usiku. Mbingu tupu inaliachia lipite, mawingu yanalizuia. Hewa ya ukaa nayo inazuia joto, ila yenyewe haitawanyiki kukipambazuka. Inakaa angani kwa mamia ya miaka. Kabla ya viwanda kuanza kuchoma makaa ya mawe na mafuta, katika kila chembe milioni moja za hewa, chembe 280 hivi zilikuwa za ukaa. Leo zimepita 420. Dunia imeongezeka joto kwa zaidi ya nyuzi 1.1 ukilinganisha na ilivyokuwa kati ya 1850 na 1900, yaani tangu zama za wapagazi wetu hao hao.

Nyuzi moja unaweza kuidharau. Usiidharau. Kila joto likipanda kwa nyuzi moja, hewa inaweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi. Hewa hiyo hunyonya maji ya udongo na ya majani kwa pupa, na ikishiba huyaachia kwa mkupuo. Ndiyo maana mwaka unaweza kuwa na mvua ya kutosha kwenye kipimo, na ghala likabaki tupu. Imenyesha siku chache kwa kishindo, imeondoka na udongo wa juu, kisha jua limewaka wiki tatu mfululizo wakati mahindi yanatoa mbelewele. Mahindi yakikosa maji wakati huo, hata ukiyapa mto mzima mwezi unaofuata, gunzi linabaki na punje za kuhesabu. Mwaka wa El Niño mambo huzidi. Desemba 2023 mvua kubwa zilishusha tope kutoka Mlima Hanang hadi Katesh, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha.

Siku hizi Tabora tunapata maji ya bomba kutoka Ziwa Victoria, na ni neema kubwa kwa kina mama waliokuwa wakiamka saa tisa usiku kwenda kisimani. Lakini bomba halinyweshi ekari za mahindi. Shamba letu bado linasubiri wingu.

Mtaniuliza ukaa wote huo nani kauweka angani. Swali la haki. Kwa wastani, Mtanzania hatoi hata nusu tani ya hewa ya ukaa kwa mwaka kutokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe. Mmarekani hutoa zaidi ya tani kumi. Afrika nzima, nchi zote hamsini na nne, haifiki asilimia 4 ya ukaa unaotolewa duniani kwa mwaka. Deni hili si letu, na vijana wa Afrika tuna haki ya kulisema kwa sauti. Vanessa Nakate wa Kampala alianza kusimama barabarani na bango lake Januari 2019. Mwaka mmoja baadaye alipigwa picha Davos, Uswisi, pamoja na wasichana wanne kutoka Ulaya, na picha ilipotolewa yeye alikuwa amekatwa. Hakunyamaza, na dunia nzima ikajua. Nampenda kwa kutonyamaza kwake. Walioijaza anga moshi wanapaswa kupunguza moshi wao na kutulipa tunachopoteza, na nitalisema hilo popote nitakapopewa nafasi.

Ila Ntalikwa kuna jambo jingine, na hilo liko mikononi mwetu.

Karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni. Mti ukisimama, kaboni imefungwa ndani yake. Ukiuchoma, inarudi angani. Takwimu za Serikali zimetaja kwamba Tanzania hupoteza hekta zipatazo 469,000 za misitu kwa mwaka. Na sehemu kubwa ya hewa chafu ya nchi yetu haitoki kwenye mabomba ya viwanda. Inatoka kwenye misitu inayofyekwa na kuchomwa, na kwenye mashamba na mifugo.

Hapa Tabora miti inaondoka kwa mashamba mapya, kwa mkaa, kwa moto wa kiangazi, na kwa tumbaku. Tumbaku yetu ni ya mvuke. Majani hutundikwa ndani ya bani, na joto hupitishwa kwa mabomba usiku na mchana kwa karibu wiki nzima. Joto hilo ni kuni za miyombo. Tena tumbaku inapenda ardhi mpya, kwa sababu ardhi iliyolimwa tumbaku kwa miaka hujaa minyoo inayotoboa mizizi, basi mkulima anasogea msituni, anafyeka tena. Simlaumu. Tumbaku ndiyo iliyowalipia ada wengi wetu. Anayemwambia mkulima aache tumbaku amletee zao lenye mnunuzi na bei, tukae tuzungumze. Watafiti wa Tumbi, kituo kilicho hapa hapa Tabora, pamoja na wenzao wa ICRAF yenye makao yake Nairobi, waliwahi kujaribu kupanda migunga inayokua haraka mashambani, mkulima apate kuni za bani bila kuingia msituni. Ni njia nzuri, na ningependa kuiona katika kila shamba la tumbaku.

Mkaa nao unakula sana. Katika tanuri la udongo, kilo moja ya mkaa humeza kilo tano hadi kumi za kuni. Mei 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, na lengo ni asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Nautakia mkakati huo mafanikio kwa moyo wangu wote, maana gesi ikishuka bei mjini, gunia la mkaa barabarani litakosa mnunuzi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niwaite.

Shuleni tunafundishwa kwamba dawa ya haya yote ni kupanda miti. Kila mwaka miche inaletwa, viongozi wanakuja, mashimo yanachimbwa, picha zinapigwa. Kupanda ni kuzuri. Lakini hesabuni miezi. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti kwa miaka mingi imekuwa Aprili Mosi, na kwetu Aprili mvua inafunga. Mche uliopandwa siku hiyo una wiki chache za unyevu, kisha unakutana na nusu mwaka wa jua, mbuzi na moto, na mzizi wake haujafika hata goti. Kwa kanda yetu, aliye makini hupanda Desemba au Januari.

Na hata huyo aliye makini nataka atazame chini kwanza kabla hajachimba shimo. Katika mapori yetu yaliyokatwa, visiki bado viko hai. Miyombo ndiyo tabia yake. Mche wake unaoota kutokana na mbegu hukaa miaka mingi ukionekana mfupi kama jani la mchicha, kilele chake kinaungua au kuliwa kila kiangazi, huku chini ukijenga mzizi. Kisiki kimeshamaliza kazi hiyo zamani. Mzizi wake umefika kwenye maji ambayo mche wa kununua hautayafikia kwa miaka. Mvua ikinyesha kinatoa machipukizi kumi, ishirini, nasi tunayafyeka tukiyaita kichaka, au mbuzi anayala, au moto unayapitia. Tunaua msitu ambao tayari umeota, kisha tunaomba msaada wa miche.

Wenzetu wa Dodoma, kwenye ukame zaidi kuliko sisi, wanaiita kazi hii Kisiki Hai, na shirika la LEAD Foundation limeifundisha vijiji vingi. Huko Niger, ukingoni mwa Sahara, wakulima walianza miaka ya 1980 kwa njia hiyo hiyo, wakarudisha miti kwenye mamilioni ya hekta. Kazi yenyewe mtoto wa darasa la tano anaiweza. Unachagua kisiki. Katika machipukizi yake unaacha mawili au matatu yaliyonyooka na yenye nguvu, mengine unayakata. Yaliyobaki unayapogolea matawi ya chini ili nguvu ipande juu. Unafunga kitambaa cha rangi, apitaye ajue kisiki hiki kina mwenyewe. Halafu unakilinda, mwaka hadi mwaka. Hakuna ndoo ya maji wala shilingi ya mche.

Kwa sisi Wanyamwezi na ndugu zetu Wasukuma hili si geni hata kidogo. Wazee walikuwa na ngitili. Mvua zikianza, eneo fulani linafungwa, ng'ombe hawaingii, nyasi na miti vinakua, na linafunguliwa kiangazi kikiwa kimekaza ili ndama, ng'ombe wanaonyonyesha na maksai wapate kula. Kule Shinyanga ngitili zilikaribia kwisha kabisa. Serikali ya kikoloni ilifyeka mapori ili kuua mbung'o, pamba ikataka mashamba, ng'ombe wakaongezeka, kisha miaka ya 1970 watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa na ngitili zao zikabaki bila mwangalizi. Nchi ikawa tupu, upepo na vumbi. Mwaka 1986 ulianza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mwanzoni walihangaika na vitalu vya miche. Baadaye wakawasikiliza wazee, na ngitili zikarudi. Kutoka hekta 600 hivi zilizokuwepo mwaka 1986, katika miaka kama kumi na tano zilipita hekta 300,000, kwenye vijiji zaidi ya 800.

Jambo moja la Shinyanga naliheshimu kuliko mengine. Hawakujenga uzio wa waya. Mikutano ya jadi, dagashida, iliweka sheria na faini, na sungusungu wakazisimamia. Mtu aliogopa zaidi kuaibika mbele ya jirani zake kuliko kukutana na bwana misitu. Kuni zikawa karibu na nyumba, dawa za miti zikarudi, ndege wakarudi.

Na sisi msitu ukirudi utatulisha kabla hata haujawa mkubwa. Tabora inajulikana kwa asali, tena tuna Chuo cha Ufugaji Nyuki hapa hapa, na nyuki wanategemea maua ya miyombo. Uyoga ule mnaoununua barabarani mvua zikianza haulimwi na mtu. Uyoga wa aina nyingi unaishi na mizizi ya miyombo, unaipa maji na madini, nayo inaupa sukari. Kata miyombo yote, uyoga huo hautauona, hata mvua ikinyesha vipi. Ila tukitundika mizinga, iwe ya mbao. Mzinga wa gome unachunwa kwenye mti mzima, na mti uliochunwa hivyo unakufa umesimama. Na kwenye kurina asali, moto uzimwe kabisa kabla mtu hajaondoka.

Mimi nimeshapita miaka 18. Kwa sheria, kila mkazi wa kijiji aliyefikisha umri huo ni mjumbe wa Mkutano Mkuu wa Kijiji, na mkutano huo unapaswa kukaa kila miezi mitatu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inakipa kijiji nguvu ya kupanga ardhi yake itumikeje, na Sheria ya Misitu ya 2002 inakiruhusu kutenga msitu wake wenyewe na kuusimamia kwa sheria ndogo. Vijana wengi tunauona mkutano ule kama wa wazee. Tunakwenda kwenye mpira, wanagawa ardhi tukiwa hatupo, halafu tunalalamika kijiweni.

Nitakwenda, na nitaomba eneo moja lenye visiki vingi lifungwe kwa miaka mitano. Mbuzi wasiingie kabisa. Njia ya moto isafishwe kila Mei, nyasi zikiwa bado hazijakauka. Wenye mizinga ya mbao waruhusiwe. Najua mzee mmoja atasimama kuniuliza, kwa haki yake, "Mjukuu wangu, na ng'ombe wangu watakula nini?" Jibu langu ni kwamba tangu mwaka wa kwanza, nyasi za ndani zikatwe kwa mundu wakati wa kiangazi na kugawiwa kwa kaya, na miti ikishapita kimo cha ng'ombe, eneo lifunguliwe kwa zamu kama ngitili ya zamani. Akiuliza nani atalinda, hapo nitahitaji majina ya watu walio tayari, si maneno.

Nyinyi ambao hamjafika 18 hamna kura, lakini mkutanoni siwezi kusema "visiki vingi" bila kujua ni vingapi. Kwa hiyo kabla ya mkutano nataka tulihesabu lile eneo kwa mistari, watu wanne kila mstari. Andikeni kisiki ni cha mti gani, kina machipukizi mangapi, marefu kiasi gani, na kama kuna alama ya moto au ya meno ya mbuzi. Msioyajua majina ya miti, nendeni na bibi au babu mmoja kila kundi; wao wanautambua mti kwa gome lake. Daftari ninazo, na Jumamosi hakuna masomo.